Herufi Mbili

Sampuli namba sabini na nne imetoka Urambo
ndani ya boksi la barafu, nyuma ya pikipiki ya Sizya,
ambaye haulizi amebeba nini. Anasema tu,
"Dada Kalunde, mzigo wako huu, barabara imenimaliza."
Vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Nakipokea kikopo, nakificha jua,
maana jua la Tabora huua kile ninachokitafuta
nami namtaka akiwa hai.
Nampikia mayai ya kuku,
namtilia rangi ya kijani inayofukuza wageni wengine,
namlaza kwenye joto la mwili wa mtu.
Kisha nangoja.

Bakteria wengine ukiwapanda jioni
asubuhi wamejaa ukumbi.
Huyu hana papara. Kwa siku nzima
anagawanyika mara moja, basi.
Wiki ya tatu, chupa tupu. Ya nne, tupu.
Ya sita nainua chupa kwenye taa, na pale:
makombo ya mkate, rangi ya maziwa yaliyolala.
Najua si vizuri, lakini huwa nafurahi.

Zamani tungeishia hapo, anao au hana.
Sasa tunamsoma. Mashine ndogo kuliko kiatu cha mtoto
inamtamka kwa alfabeti ya herufi nne,
milioni nne na ushee, bila nukta wala aya,
nasi tunatafuta palipokosewa.
Maana akijinakili, mara mojamoja hukosea,
na kosa hurithiwa, kama pua,
kama deni.

Ndivyo nilivyoona kwamba sabini na nne ya Urambo
na kumi na tisa ya hapa mjini
zinapishana herufi mbili.
Mbili, katika milioni nne.
Hiyo ni karibu pumzi moja, ya juzijuzi.

Namba hazina majina. Ndiyo sheria, niliitia saini.
Lakini huu ni mji wa makutano, reli hukutana na maneno pia,
na kikohozi cha kumi na tisa nilikijua kabla ya namba:
Mlekwa, fundi wa breki, karakana ya reli.
Sabini na nne, fomu inasema, mwanamke, miaka thelathini na moja,
anakausha tumbaku. Alidhani ni moshi wa bani.
Kuna mgonjwa yeyote unayemfahamu? Hapana.
Mlekwa naye: Hapana.

Alhamisi akaja Kashindye, mke wa Mlekwa,
na asali kwenye chupa ya soda.
"Kalunde, nasikia siku hizi mnajua ugonjwa ulikotoka.
Mume wangu aliutoa wapi?"

Nikawaza behewa la daraja la tatu, masika,
madirisha yamefungwa kutoka Kaliua,
mtu anacheka, mwingine anavuta pumzi,
na mdudu anaelea saa nzima, saa mbili,
aliyemwacha keshashuka stesheni na mizigo yake.
Nikawaza pia mambo mengine. Mimi ni mtu.
Ukoo wa mdudu naweza kuuchora, tawi kwa tawi.
Watu wawili waliosimama chini ya tawi,
kama waliongea, kama walijuana majina,
hakuna chupa inayootesha hilo.

Nikamwambia, "Hewani."
Ndiyo kweli yote niliyo nayo.
Akaniangalia kama mnunuzi anavyoangalia
kipimo cha lita kilichobonyea.
"Hewa ya wapi?"

Nikavuta daftari. Nikauliza watoto wangapi wanalala pale nyumbani.
Watatu, akasema. Waje Jumatatu, nikasema, wote,
wasinywe chai kwanza.
Alifika mlangoni, akarudi kuchukua chupa yake,
akabadili mawazo, akaiacha.
Yule mdogo anakohoa kidogo, akasema.
Lakini ni vumbi.